Kibuyu Alichokiunguza Mwalimu Mabonga

Mwalimu Mabonga amefundisha insha katika shule moja hapa mtaani Pioneer tangu atoke Bungoma, na sijaona mtu anayeringia chaki kama yeye. Insha ya maelezo, kwake, si ya kusomwa tu. Mtoto wa darasa la tano anaandika jinsi kazi fulani inavyofanywa kwao, analeta vifaa, kisha Mabonga anaifuata kila sentensi mbele ya darasa bila kuongeza lake. Aliyeeleza chai akasahau maji alipewa kikombe cha majani makavu. Wazazi wengine humsifu. Mimi la.

Mjukuu wangu Jeruto aliandika jinsi ya kutengeneza mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni, akabeba bila ruhusa kibuyu cha mama mkwe wangu, ambacho nyumba ya marehemu mume wangu, Mzee Kimeli, hukitoa kwa wageni wa heshima peke yao. Aliandika: "Washa kijiti cha mti wa senetwet. Kitie ndani ya kibuyu. Chemsha maziwa." Mabonga akakitia kijiti kikiwaka, akakiacha humo, akaenda kuchemsha maziwa. Kibuyu kikatoboka.

Nilimfuata darasani. Jumamosi watu walikuwa wanakuja kumposa binti yangu Purity.

"Mtu mzima unaona kibuyu kinaungua, unatazama tu?"

"Mama, nilifanya alivyoandika. Hakusema kijiti kisuguliwe."

"Basi waambie wazazi kosa ni lako."

"Sentensi ni za mtoto, Mama."

Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unasema kwa Kimeli hawajui mursik. Jumamosi nilimimina mursik kutoka kibuyu cha kuazima, na shangazi wa kijana anayeposa akarudisha kikombe mezani.

"Tungoje kwanza. Huenda bado kuna moto ndani."

Wenzake wakacheka. Purity akainama.

Jeruto akasimama bila kutumwa. Akaeleza kwamba kijiti kinaingia kikiwa kaa, si mwali; kinasuguliwa ndani mpaka kizimike, kwa sababu ule mkaa ndio unaokinga maziwa yasiharibike; maziwa yanachemshwa, yanapoa, ndipo yanapomiminwa.

"Nani amekufundisha kueleza hivi?" shangazi akauliza.

"Mwalimu Mabonga. Alinirudishia insha mpaka akaelewa."

Shangazi akanywa. Akaomba aongezwe.

Sasa nasikia Mabonga anajisifu kwamba yeye ndiye aliyeiokoa posa ile. Nani alitaka kuiunguza? Salamu zake sipokei. Kibuyu kipya alichomtuma Jeruto aniletee, nilikirudisha na Jeruto yuleyule.