Elfu Kumi na Moja

Ninyi vijana mtakaosoma haya, simu wekeni kando kwanza. Mimi shule niliishia la saba, lakini kuna namba moja ambayo hakuna wa kunidanganya juu yake.

Nikinusa dagaa walioanikwa juani, hunirudia darasa letu la nne kule Kigongo. Madirisha hayakuwa na vioo, na upepo wa ziwa uliingiza harufu ile mpaka kwenye chaki. Mwisho wa mwaka mwalimu alimwita kila mtoto ubaoni kwa hesabu moja. Ukikosa, unarudia darasa. Na baba yangu, mtu wa ng'ombe, alikuwa amekwishasema: "Ukirudia, shule basi. Unakuja kuchunga." Baba hakuwa mtu wa kubembelezwa.

Mwalimu akanisomea: "Elfu kumi na moja, mara elfu mbili mia tatu arobaini na tano."

Nikaandika 10,001 mara 2,345. Jibu langu likawa 23,452,345.

"Mwalimu, chaki ya huyu ina kigugumizi!" akapaza sauti Masanja, mtundu wa dawati la nyuma. Darasa likaangua kicheko.

Mwalimu alikuwa keshainua chaki akate jibu langu. Akasita. "Hebu soma namba ya kwanza."

"Elfu kumi, na moja."

"Mimi nilitaka kumi na moja elfu."

"Hukusema hivyo, mwalimu."

Siku zile mwalimu alikuwa hajibiwi hivyo. Nikaanza kuwaona ng'ombe wa baba.

Badala ya fimbo akanipa 6,718 niizidishe kwa namba yangu ileile. Sikuhangaika, nikaandika 67,186,718.

"Umejuaje?"

"Hii namba ni nyumba, mwalimu. Kuna mtu mlangoni na mtu uani, katikati vyumba vitatu vitupu. Mgeni wa tarakimu nne anapokelewa na wote wawili, na nafasi inatosha."

"Na akija wa tarakimu tano?"

Nikajaribu 12,345. Wakakanyagana katikati: 123,462,345. Mwalimu alicheka mpaka akafuta macho, kisha akatuamuru wote tutafute namba inayoigawa nyumba ile bila kubakiza. Mbili ikagoma. Tatu ikagoma. Saba nayo. Tulikuwa tumekata tamaa ilipoingia sabini na tatu, mara mia moja thelathini na saba, kamili. Aliyeipata ni Masanja, akapiga kelele kama mvuvi aliyenasa kamongo mkubwa.

Nikapanda la tano. Baba akatafuta mchungaji mwingine.

Kwa miaka mingi nilijua niliokolewa na akili yangu. Mpaka nilipolea watoto wangu, nikachoka, nikatamani kuchapa kwanza, ndipo nilipoelewa ilimgharimu nini mtu mzima yule kushusha chaki mbele ya watoto na kuuliza.

Juzi mkwe wangu alimwinulia mjukuu mkono kwa sababu ya hesabu. Nikasema, na nyumba nzima ikasikia: "Shusha mkono. Humu ndani mtoto haadhibiwi kabla hajaulizwa alichosikia."