Odio za Nyumbani

Mimi si bubu. Naanza na hilo kwa sababu sokoni Kamembe wapo wateja wangu wenyewe wanaoniita bubu miaka yote hii, na mdomo ninao, tena mkali. Mimi ni kiziwi. Nilisikia vizuri hadi darasa la nne: adhana, redio ya baba, matusi ya watoto wa jirani, nami nikiyarudisha bila deni. Kisha nikaugua homa ya uti wa mgongo, na nilipotoka hospitali kila kitu kilikuwa kimenyamaza. Maneno yalibaki kichwani, ndiyo maana nasema, nasoma na kuandika. Naambiwa sauti yangu imekuwa nzito na inapanda na kushuka ovyo, kwa hiyo siku hizi naitumia kwa kugombana tu.

Kazi yangu ni kushona. Nina mashini yangu kibandani, nashona kanzu, sare za shule na nguo za kina mama. Jirani yangu ni mama mmoja wa Bukavu anayeuza vitenge. Asubuhi anavuka mpaka, jioni anarudi kwake. Akitaka kusema nami ananigeuzia uso na kufungua mdomo vizuri, nami namsoma midomo bila taabu. Wengine wanasema na mimi huku wameinamia begi zao, halafu wananiona mjinga nisipojibu.

Familia yetu ilitawanyika, lakini si mbali. Mama alibaki kule chini Bugarama, katika nyumba tuliyozaliwa, pamoja na dada yangu mdogo. Kaka yangu mkubwa anafanya biashara mpakani Ruhwa. Wengine wako Bukavu. Wote tulikuwa kwenye grupu moja ya simu, na mwenye grupu alikuwa kaka.

Mwanzoni watu waliandika. Waliandika vibaya, kwa kukatakata, lakini waliandika, nami nilikuwa ndani ya nyumba kama wenzangu. Nilijua nani anaumwa jino, nani kapata mtoto, nani kagombana na mkwewe. Niliwatania nikataniwa. Sasa tatizo letu watu wa huku ni kwamba Kiswahili tunakisema tangu tukinyonya, ila hakuna aliyetufundisha kukiandika. Shuleni kulikuwa na Kinyarwanda na Kifaransa, baadaye Kiingereza. Mtu mzima akitaka kuandika “batoto banalia” anaona haya, kana kwamba kuna mwalimu mahali anamchungulia. Basi kilipokuja kile kidude cha kurekodi, wote walishusha pumzi. Unabonyeza, unasema, unaachia. Kaka yangu akianza odio yake, unaweza kupika maharage yakaiva hajamaliza.

Nikaanza kuona mistari tu. Ukifungua grupu, ni mistari ya odio kutoka juu hadi chini, ile midogo midogo inayopanda na kushuka, na picha ya uso wa mtu pembeni. Naona nani amesema na amesema kwa muda gani. Alichosema sikijui. Niliandika: jamani, andikeni, niko humu. Wakaandika siku mbili tatu, kisha wakasahau. Nikaandika tena kwa hasira, na mmoja wa Bukavu akanijibu kwa odio. Wallahi, kwa odio!

Na siwezi kukilaani kidude kile moja kwa moja, ingawa nimejaribu, kwa sababu ya mama. Mama hakwenda shule. Maisha yake yote alihitaji mtu wa kumsomea na wa kumwandikia, na siri zake zote zilipita mikononi mwa watu. Uzeeni akapata kitu anachobonyeza mwenyewe, anasema akiwa Bugarama, wanamsikia Bukavu. Dada aliniambia mama alikuwa akirekodi huku anatabasamu. Sasa mimi niseme nini? Aliyetengeneza simu ile alimkumbuka mtu asiyejua kusoma, na Mungu amlipe. Mimi hakunikumbuka, wala sidhani alikaa hata siku moja akajiuliza kama nipo.

Mama mwenyewe hakunisahau. Alikuwa akinitumia video, anasema polepole nimsome midomo. Lakini alishika simu juu mno na karibu mno, nikawa napata paji la uso na mtandio, midomo imebaki nje ya picha. Nikamwandikia dada amwambie ashushe simu. Wiki iliyofuata nikapata kidevu. Nilicheka peke yangu kibandani hadi mama wa vitenge akaja kuangalia nina nini. Hata hivyo nilizitazama zote, maana nyusi zake nilizijua, na kwa nyusi nilijua kama kakasirika au yuko salama.

Watu wananiambia: lakini siku hizi simu inageuza sauti kuwa maandishi. Najua. Tuliitwa mkutanoni, watu wenye ulemavu wa wilaya nzima, kijana mmoja mstaarabu akatuonyesha. Alisema Kifaransa, maneno yakatokea kwenye kioo safi kabisa. Wenzangu wakapiga makofi, nami nikapiga. Nikamwomba ajaribu odio ya kaka yangu, Kiswahili chetu hiki cha Kamembe na Bukavu, nusu Kifaransa, na Kinyarwanda ndani yake. Kioo kikatoa takataka. Yule kijana akaniandikia kwa adabu kwamba kingefanya kazi kama wasemaji wangetumia Kiswahili sanifu. Nikamuuliza, kwa sauti yangu hii mbaya, kama nimpeleke mama yangu shuleni na uzee wake ili simu ikubali kumsikia. Akageukia watu wengine wa kuwahudumia, na mimi nilirudi sokoni.

Niseme sasa ile siku.

Wiki ile tulikuwa na harusi mbele yetu, ya binti wa kaka, na nguo za wanawake wote wa familia nilikuwa nashona mimi. Odio zilikuwa zikimiminika tangu Jumatatu, na nilijua ni ugomvi wa rangi, maana Bukavu walitaka kijani na Bugarama hawakutaka. Asubuhi ile simu ilitetemeka mezani tangu nafungua kibanda. Nikaangalia: mistari. Ya kaka, ya dada, ya Bukavu, moja ya mama. Nikaandika: kuna nini, rangi tena? Hakuna aliyejibu kwa maandishi. Nikaendelea kushona.

Karibu na adhuhuri, katikati ya mistari ile, ikatokea picha ya kijani yenye maandishi ya Kiarabu, ile ambayo Waislamu wote wa huku wanaijua, inayosema kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Ikaja nyingine, na nyingine. Nikaandika: nani? Ikaja odio. Nikaandika tena: NANI? Zikaja odio mbili, moja ndefu. Watu walikuwa wananijibu, unaona, wote wananijibu, wanalia ndani ya simu na kunijibu, na mimi nimeishika mkononi kama tofali.

Nikampa simu mama wa vitenge. Aliweka sikioni, akasikiliza, akaishusha. Hakutaka kunitazama, yeye ambaye kila siku hunigeuzia uso. Nilimshika bega. Akageuka, akafungua mdomo vizuri kama kawaida yake.

“Ni Maman,” alisema. “Maman yako.”

Kwetu maiti halazwi ndani. Mtu akifa asubuhi, akishaoshwa na kuvishwa sanda anaswaliwa adhuhuri na kuzikwa, na wanaoshuka kaburini kumpokea mama ni watoto wake wa kiume. Nilijua hilo tangu utotoni, na tangu baba alipokufa nilijua pia mahali pangu, upande wa miguu, kwa kuwa mimi ni wa pili. Nilitoka sokoni na tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. Njiani gari lilisimama Nyakabuye kushusha watu, nikamfokea dereva, naye akaniangalia kama wanavyoniangalia wote nikifungua mdomo. Nilipofika Bugarama wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, na viatu vyao vina udongo. Mahali pangu alikuwa ameshuka mpwa wangu.

Kaka alinikuta mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu, na nilimsoma midomo waziwazi.

“Umekawia wapi? Tulikungoja mpaka imamu akakataa.”

Nilidhani ananitania, kisha nikaona hatanii. Nikamuuliza nani aliniambia. Akamtazama dada. Dada akamtazama yeye. Nikaelewa pale pale, kabla ya yeyote kusema, na nililia kwa sauti ambayo sikuisikia. Najua tu kwamba wanawake waliokuwa uani waligeuka wote kwa pamoja.

Siku ya tatu, baada ya dua, nilikaa na dada nyuma ya nyumba. Nilimwomba anisikilizie odio zote za siku ile, moja moja, aniandikie. Hakutaka. Alisema nitajiumiza bure, mama ameshakwenda. Nikamwambia ninyi mna msiba mlioishi ndani yake, mimi wa kwangu nimeukuta umekwisha, nipeni basi hata makombo. Akakubali. Aliweka simu sikioni, kisha akawa anaandika kwenye yake, na maneno yanaingia kwenye yangu, bega kwa bega, bila kutazamana.

Ndivyo nilivyojua. Mama alibanwa kifua alfajiri. Dada akarekodi: njooni. Kaka akarekodi kutoka Ruhwa: nakuja, mtu amwandikie fundi. Fundi ni mimi. Wa Bukavu wakarekodi: maskini fundi, mtu amwandikie. Shangazi naye: msimsahau fundi, muntu amuandikie. Odio baada ya odio, wote walinikumbuka, wote kwa mdomo. Dada alikuwa amemshika mama mikononi na alidhani kaka ameandika. Kaka alikuwa juu ya pikipiki na alidhani dada ameandika. Nilisoma yale huku nikiwa na hasira na kuwahurumia, vyote viwili, na sikujua nianze na kipi.

Kisha dada akaruka moja. Nilimwona. Kidole kilipita juu ya ile odio ya mama, fupi, na kikaenda kwenye inayofuata. Nikamshika mkono. Akaandika: hiyo si kitu, yaya, ni salamu tu. Yaya ndivyo tunavyowaita wakubwa wetu huku. Nikasema, “Andika.” Akatikisa kichwa. Nikasema tena, na safari hii nadhani nilipiga kelele, maana kuku walikimbia.

Akaandika: Mama anauliza kama fundi ameambiwa.

Chini yake kulikuwa na mstari wa kaka.

Akaandika: Kaka anajibu, ndiyo mama, ameambiwa, yuko njiani.

Dada alikuwa ameweka simu chini, machozi yanamtoka. Nikamuuliza mama alisema nini baada ya hapo. Hakuandika. Alinigeuzia uso, akasema polepole ili nisome.

“Hakusema tena. Tulimlaza kuelekea kibla, kama inavyotakiwa. Kila tukimgeuza, alirudisha kichwa upande wa mlango.”

Mama yangu alikufa akijua kwamba nimeambiwa, na kwamba sikuja.