Kinyumba Kilichozeeka kwa Siku Tisa

Mume wangu wanamwita Kibiriti. Utotoni alijenga nyumba kwa maganda ya viberiti, na jina likamganda mpaka mvi. Sasa anawatengenezea watu wa filamu nyumba ndogondogo, zile ambazo kamera ikizisogelea unaapa ni mtaa mzima. Mkono anao, sibishi. Karakana yake iko uani, na ina funguo mbili tu, wake na wangu.

Mwongozaji mmoja aliagiza nyumba moja katika hatua tatu: ikiwa mpya, ikiwa ya makamo, na ikiwa inataka kuanguka. Kibiriti akachagua nyumba yetu wenyewe, aliyoijenga marehemu baba yake kwa matofali ya udongo. Mafundi wengine huchora nyufa kwa brashi. Yeye hataki. "Uzee hauigizwi," husema, "unaachwa ufike wenyewe." Akachimba udongo uleule wa uani, akafyatua vitofali kama kucha ya dole gumba, akajenga vinyumba vitatu. Kisha akaning'iniza bomba la sindano nyuma ya kinyumba cha tatu lidondoshe maji tone kwa tone, palepale tenki la jirani linapovujia ukuta wetu. Siku moja aliihesabu mwaka mmoja.

Siku ya tisa ukuta wa nyuma ukalala chini. Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

"Mke wangu, lile tenki lilianza kuvuja lini?"

Nikakumbuka: mwaka niliojifungua kitinda mimba wetu. Kitinda mimba ana miaka tisa. Na nyuma ya ukuta wetu ule ndipo anapolala mama yake Kibiriti.

Mavyaa wangu, ukimwambia kushoto, ataenda kulia huku akiimba. "Nitishwe na kinyumba cha kuchezea watoto? Udongo wa ukuta huo niliukanyaga kwa miguu hii, nikiwa na mimba yako!" Kibiriti akampigia magoti. Ndipo akakubali, shingo upande, kulala sebuleni wiki mbili mpaka mwashi apate nafasi.

Wiki mbili! Alikohoa, akalalamikia taa, akapanga vikombe vyangu upya. Nilichoka, nasema kweli. Niliihesabu kila siku.

Siku ya sita mwongozaji akapiga simu: ule ukuta wa kinyumba usimamishwe tena, anataka kuuangusha mbele ya kamera. Kibiriti akaugandisha kwa gundi, akaupigia vijiti kwa ndani, akaukandika tope jipya. Hungejua kama uliwahi kuanguka. Kesho yake akaondoka asubuhi kwenda kununua rangi, mvua ikimnyeshea.

Mavyaa akaniagiza chai kwa mara ya tatu, eti ya kwanza haikuwa na sukari na ya pili ilikuwa sukari tupu. Nikachukua ufunguo, nikamshika mkono, nikampeleka karakanani.

"Tazama, mama. Si kimesimama?"

Akaubonyeza ukuta kwa kidole. Haukutikisika. "Nilisema mimi! Mwanangu ana woga wa baba yake." Akakunja godoro lake kwa furaha, nami nikamsaidia kulibeba hadi chumbani.

Nilikuwa jikoni nikimchemshia ile chai. Sikusikia mshindo. Nilisikia kama mtu anayemwaga gunia la mchanga, taratibu, kisha kimya.

Mwezi umepita tangu tuzike. Kila anayekuja kutoa pole, Kibiriti humwambia maneno yaleyale: "Mama alikuwa mkaidi. Tulimkataza, akarudi." Wanatikisa kichwa, wananitazama na mimi, nami nainamia kanga yangu. Mwongozaji ametusubiri kwa heshima ya msiba, na karakana ilikuwa haijafunguliwa tangu siku ile.

Leo asubuhi ameifungua. Nilipompelekea chai nikamkuta ameinamia kinyumba, taa ameisogeza karibu. Tope la ukuta wa nyuma limekauka, na katikati yake kuna alama ya kidole, kidogo, chembamba, cha mtu mzee.

"Mke wangu," ameniita bila kugeuka, "nani alimfungulia mama humu?"