Kabla Jiji Halijafika

Siku afisa mipango miji alipokuja kijijini kwetu, mama alivaa kitenge chake cha kanisani. Nilimtania kwamba leo jiji linakuja kumposa. Hakucheka. Alikwenda kukaa mbele na wanawake wenzake, miguu ameinyoosha kwenye nyasi, na mimi nikakaa nyuma yake, kwa sababu Kiswahili cha ofisini kilikuwa kinampita na alitaka nimtafsirie kwa Kisukuma.

Kijiji chetu kiko mbele ya Igoma, jiji linapoishia, ukiifuata barabara ya Musoma, na kwa karatasi kiko wilaya nyingine. Afisa alieleza kwamba jiji limejaa, na sasa lipo pendekezo la kusogeza mpaka ili vijiji kadhaa, chetu kikiwemo, viingizwe jijini. Alizungumzia lami, taa za barabarani na viwanja vilivyopimwa. Kaka yangu, anayeishi na mama pale nyumbani, alipiga makofi mpaka nikaona aibu. Alikuwa ameshayagawa mashamba yetu viwanja kichwani mwake na kuviuza vyote. Mimi nina cherehani Igoma, nashona sare za shule. Nililiona jiji lilivyoingia kule: ushuru ulikuja na gari, lami ikaja kwa miguu. Lakini siku hiyo nilinyamaza.

Mzee mmoja aliuliza kuhusu ng'ombe. Mwingine akauliza kuhusu kuzikana. Kwetu mtu huzikwa nyumbani kwake. Baba yuko nyuma ya nyumba, karibu na zizi, na chini kidogo ya miguu yake yuko mtoto wao wa kwanza, aliyezama ziwani kabla mimi sijazaliwa. Afisa alikuwa kijana mwenye adabu, alikuwa ametuamkia shikamoo wote tuliomzidi umri, na alijibu kwa upole kabisa.

"Makaburi yaliyopo yatabaki, wazee wangu. Hakuna atakayeyagusa. Ila tukishaingia jijini, mazishi mapya yatakuwa kwenye makaburi ya jiji."

Nadhani aliamini ametutuliza. Mama aligeuka akaniuliza amesemaje. Nikamwambia. Akataka nirudie, nikarudia, neno kwa neno. Basi akageukia mbele, akakunja kitenge vizuri magotini, na mpaka mkutano unaisha hakuniuliza kitu kingine.

Makaburi ya jiji mama alikuwa anayajua. Mdogo wake aliishi Mkuyuni, jijini, akafia huko, akazikwa huko. Mwaka uliofuata tulikwenda na maua siku ya kuwaombea marehemu na hatukuliona kaburi. Msalaba wa mbao ulikuwa umeng'olewa, nadhani mtu kapikia, na majani yalikuwa yamefika kiunoni. Tulizunguka mpaka jua likatuchoma utosini. Mwishowe mama aliweka maua kwenye kaburi la mtu tusiyemjua, akamwomba radhi, tukaondoka.

Mama alikuwa na presha kwa miaka mingi na vidonge alikuwa anavimeza kila asubuhi bila kusukumwa. Baada ya ule mkutano akaanza kuvimba miguu. Muuguzi wa zahanati akashangaa: presha imepanda, na dawa anachukua kila mwezi kama kawaida. Nikamgombeza kaka kwamba anampikia mama chumvi. Naye akanirudishia, kwamba mimi ni binti wa Jumapili, nakuja na soda na maneno. Tulikuwa tunagombana wakati mhusika amekaa hapo hapo kwenye kiti chake anatusikiliza.

Jumapili moja nikachukua mto wa kile kiti nikaufue. Mto huo niliushona mwenyewe. Nikaona upande mmoja una uzi mweusi, mishono mirefu mirefu ya mtu asiyeona vizuri. Mshono wangu naujua. Nikaufumua, na vidonge vikadondoka kutoka kwenye sponji, vyeupe, vingi, vingine vimeshaanza kumeng'enyeka kwa jasho.

Nilikwenda navyo mkononi. Mama alikuwa anapepeta mchele.

"Mayu, unataka kujiua?" Kwetu mama tunamwita hivyo.

Hakuacha kupepeta. "Sijiui. Nimekula miaka yangu, nimeacha tu kuomba nyongeza."

Nikapiga kelele. Sioni haya kusema, nilimpigia mama yangu kelele kama vile yeye ni mtoto aliyevunja chungu. Yeye akanieleza taratibu, kama mtu anayepanga safari. Akifa sasa, kaburi lake litakuwa miongoni mwa yale yaliyopo, na hakuna atakayeligusa. Akichelewa, tutampeleka kule kwenye majani, na sisi wenyewe hatutamwona tena. Nikamtishia padri. Akasema padri ana nafasi yake ya kuzikwa tayari kati ya mapadri wenzake, hatalala na wageni.

Kaka alipoambiwa alikaa chini palepale uani. Jioni akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji kusema amebadili mawazo, halitaki tena jiji. Mwenyekiti akamwambia maoni yameshapelekwa. Akarudi, akapiga magoti mbele ya mama.

"Mayu, nitakuzika hapa hata wakinifunga."

"Ukifungwa," mama akasema, "nani atapalilia?"

Tangu siku hiyo nilihamia nyumbani. Kila asubuhi nilimpa kidonge, nikasimama mpaka ameze, nikamfungua mdomo kumkagua chini ya ulimi. Mwanamke aliyenizaa. Alikuwa ananiachia tu, ananitazama kwa huruma, na wakati mwingine nilikuta kidonge kimetemwa kwenye ua wa minyaa. Nilimchukia siku hizo. Nilimchukia na nilikuwa nalala mlangoni kwake nikisikiliza pumzi zake.

Alianguka asubuhi akitoka kuwafungulia kuku. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umeshakufa, na mdomo ulikuwa umepinda. Tulipotaka kumwingiza kwenye gari la kwenda hospitali aliushika mlango kwa ule mkono mmoja uliobaki mzima. Kaka alimbandua vidole kimoja kimoja huku analia. Alifika hospitali akiwa hai, lakini hakurudi hai.

Tulimzika nyuma ya nyumba, baba kushoto, mwanawe miguuni. Kaka alijengea kaburi kwa saruji kabla hata arobaini haijafika, maana alikuwa anaogopa kila gari lililokata kona kuja kijijini. Waombolezaji walisema mama amepata bahati, kalala kwake. Waliniambia pole kwa sauti ya kunipongeza. Nilitamani kuwatupia sufuria.

Mvua zikaja, zikaondoka. Jiji halikufika. Mahindi yalipokomaa uliitishwa mkutano mwingine, na afisa akawa yuleyule kijana. Safari hii alitueleza kwamba lile suala limerudishwa kufanyiwa kazi upya, mipaka bado inajadiliwa, inaweza kuwa mwakani, inaweza kuwa baada ya miaka mingi, na inawezekana kijiji chetu kisiguswe kabisa. Watu wakaguna. Kaka yangu alikuwa amesimama nyuma. Niliona anatoka, anaelekea nyumbani.

Niliinua mkono. Nikamuuliza afisa kama siku ile ya kwanza alijua kwamba inaweza isitokee.

"Mama, lilikuwa pendekezo tu," akasema. "Tulikuja kuchukua maoni."

Nikamwambia mama yangu alilisikia, akawahi kufa.

Yule kijana alikunja karatasi zake, na nikaona hakuwa mtu mbaya, jambo ambalo halikunisaidia. Mwenyekiti akakohoa. Akaniuliza, kwa ajili ya mtendaji aliyekuwa anaandika, kama hilo ni swali au ni maoni.

Nikasema si swali. Akashukuru, akampa nafasi mtu mwingine, aliyetaka kujua habari za bomba la maji.