Dada Niliyemtoa Kwenye Kundi la Kuzikana

Bwana mmoja wa ofisi ya serikali aliniambia nimtoe mdogo wangu kwenye kundi la kuzikana, nami nikamtoa. Hakunitisha. Hata sauti hakuipandisha. Alikuwa amekaa barazani kwangu kwenye kiti cha plastiki, anakunywa chai yangu, akasema, "Mzee, lile kundi ni la kwako. Ukilituliza wewe, hatutahitaji kulituliza sisi." Nikavaa miwani, nikalitafuta jina la dada yangu, nikabonyeza. Simu ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza tena. Ningeweza kukataa. Nataka hilo lieleweke kabla sijasema jingine, kwa sababu nimewasikia wazee wenzangu wakisema tulilazimishwa. Mimi sikulazimishwa.

Na ninaandika haya bila kumwomba mtu ruhusa. Siri niliyopewa nimeikalia vya kutosha. Anayetaka kunihoji anajua nyumba yangu, na chai bado ipo.

Asiyeishi mtaani kwetu hapa Tunduma huenda asione ubaya wa kumtoa mtu kwenye kundi la simu. Lakini hapa wengi wetu tumetoka kwingine. Mimi nimetoka Ihanda, kwenye mibuni na mahindi. Jirani yangu mwenye duka la vitenge ametoka Kigoma. Fundi wa matairi ametoka Tanga. Ndugu wa damu wako mbali, kwa hiyo tulianzisha chama cha kuzikana, Waislamu na Wakristo pamoja, tukawa na turubai letu, viti vyetu na masufuria yetu. Simu za kupangusa zilipoingia tukafungua kundi, na utaratibu ukawa mmoja: msiba unatangazwa na mwenyekiti. Akishaandika yeye, maduka yanafungwa nusu mlango, akina mama wanatoka na masufuria, vijana wanakwenda kuchimba. Asipoandika, watu wanasubiri. Hatukuwa wajinga. Kuna wakati kilitangazwa kifo cha mzee mmoja aliyekuwa hai kabisa, akakaa kitandani akisoma rambirambi zake na kukasirikia waliochelewa kuandika. Tulicheka sana, ila tangu siku hiyo neno la msiba likawa la mwenyekiti peke yake. Mwenyekiti nilikuwa mimi.

Kabla sijamtoa dada kulikuwa na kiapo. Yule bwana wa ofisi alituita wazee wachache kwenye chumba cha nyuma cha nyumba moja ya wageni, mchana kweupe, mapazia yakiwa yamefungwa. Mezani kulikuwa na ramani. Eneo la nyuma ya mtaa wetu lingechukuliwa liwe maegesho ya malori, haya yanayojipanga barabarani yakingoja kuvuka kwenda Zambia. Akatueleza kwamba wananchi wakijua mapema watategesha, yaani watasimamisha vibanda haraka haraka ili walipwe fidia ya nyumba ambamo hawakuwahi kulala. Kwa hiyo jambo hilo libaki kwetu, na tuape. Biblia ikaletwa, Msahafu ukaletwa. Hata wake zetu wasijue. "Ninyi ndio macho ya serikali hapa," akatuambia. Sisi wazee tuliozoea kusalimiwa na kupitwa, tukavimba vichwa.

Tukafungua kundi letu dogo, tukaliita Wanywa Kahawa. Kikao kikiwepo, mmoja aliandika "kahawa imeiva." Hakuna aliyekunywa kahawa, tuliagiza soda. Tukikutana sokoni hatukusimama pamoja, na kanisani nilimpita mwenzangu wa kahawa kama simjui. Nisiseme uongo, nilikufurahia kule kujificha. Nilisoma hadi kidato cha nne, nikawa karani kwa wakala wa mizigo hapa mpakani mpaka nikastaafu. Maisha yangu yote niligonga muhuri mambo yaliyokwisha kuamuliwa na wengine. Mara moja hii nilijua jambo kabla ya mtaa mzima.

Lakini kwenye ile ramani mstari mwekundu ulipita kati ya nyumba yangu na nyumba ya mdogo wangu. Yangu ilikuwa nje ya mstari, yake ndani. Niliuona siku ile ile, mkono wangu ukiwa juu ya Biblia.

Mdogo wangu alinifuata Tunduma akiwa msichana. Aliolewa na dereva wa malori, Mndali wa Ileje, mtu mpole mwenye kicheko kikubwa. Kiharusi kilipompiga shemeji upande mmoja, dada akabaki kuendesha nyumba kwa kuuza wali na maharage kwa madereva pale kwenye foleni. Muda si mrefu baada ya kiapo aliamua kupiga lipu chumba cha mumewe, ili asilale kwenye vumbi. Akaniita nimsaidie kuchekecha mchanga. Nilikwenda. Nilichekecha mchanga wa nyumba niliyojua itabomolewa.

"Karani wewe!" akanitania, akicheka. "Mkono umezoea muhuri, sepetu unaliogopa."

"Nimezeeka."

"Mbona leo huna maneno? Umegombana na wifi?"

"Nimechoka tu."

"Basi pumzika, kaka. Usinifie hapa, nina mgonjwa mmoja, wa pili sitamweza."

Nilikaa kivulini nikamtazama akiikandika ile lipu kwa mikono yake mwenyewe. Neno moja tu lingetosha. Sikulisema.

Baada ya wapimaji kuja na mashine zao na kusimika bikoni, yale mawe ya mipaka, nyuma ya nyumba, madereva wakaanza kuzungumza pale kwenye sahani zake za wali. Madereva hujua mambo mapema kuliko ofisi. Dada akaandika kwenye kundi la kuzikana: "Ndugu zangu, samahani, hakuna aliyefariki. Ila kuna bikoni mpya nyuma ya nyumba zetu. Ni za nani?"

Mmoja akajibu, "Za wachawi hizo."

Mwingine akaandika, "Wachawi wa siku hizi wanapima kwa mashine? Basi tumekwisha."

Nami mwenyekiti nikaandika kwa ukali: "Kundi hili ni la misiba tu."

Akajibu hapo hapo: "Sawa, mwenyekiti. Basi tunaulizia msiba unaokuja."

Mtaa mzima ulicheka, na kicheko kile kikawa mwanzo. Alitafuta kipande cha boksi akaandika kwa makaa: TUNAKAA HAPA. RAMANI IKO WAPI? Akapigwa picha mlangoni kwake, shemeji akiwa kwenye kiti pembeni, akaituma. Kesho yake akafuata mwenye duka la vitenge. Halafu fundi wa matairi na watoto wake. Kila asubuhi mlango mwingine. Picha zikatoka kwenye kundi letu zikaenda kwenye makundi ya wengine. Mwanamke mmoja anayeleta chumvi kutoka Ivuna akatuambia kwao Momba wanazisubiri kila siku kama taarifa ya habari. Ofisi ikatoa maelezo kwamba hakuna ramani yoyote. Nilisoma maelezo hayo, mimi niliyeiona ramani kwa macho yangu, nikaandika chini yake: "Ahsante kwa ufafanuzi."

Ndipo yule bwana akaja barazani kunywa chai. Nilipomaliza kumtoa dada nikaongeza kwa mkono wangu: "Mwanachama ameondolewa kwa kuvunja utaratibu. Atakayemfuata, naye atatoka." Picha zilikoma siku hiyo hiyo. Kwingine watu huogopa kufungwa. Kwetu waliogopa kufa na kukosa wa kuwazika, na mimi nilijua hivyo nilipoandika.

Alikuja kwangu akiwa bado na aproni ya mamalishe.

"Kaka, nimetolewa, au ni simu yangu imeharibika?"

"Ulivunja utaratibu."

"Nani kakutuma?"

Nikamsogezea kiti.

"Mgonjwa niliye naye unamjua. Akifa, nani ataandika?"

"Usiongee hivyo."

"Naongea ninachokijua. Niambie jambo moja tu. Ramani umeiona?"

"Hakuna ramani," nikamwambia.

Akajifuta mikono kwenye ile aproni, ingawa mikono haikuwa na maji, akaondoka.

Shemeji alifariki asubuhi moja ya masika. Mke wangu ndiye aliyesikia kilio, akaruka matope akakimbilia kule. Mimi nilichukua simu. Nilikwisha kuandika nusu ya tangazo nilipokumbuka Wanywa Kahawa, nikaona niulize kwanza. Mtu anauliza kwanza! Mume wa dada yangu amelala chini, nami naomba ruhusa ya kusema kwamba amekufa. Jibu likaja: "Subiri. Wathamini wako mtaani, mkusanyiko haufai sasa. Na huyo hayumo kwenye kundi."

Nikasubiri. Dirishani niliwaona majirani wamesimama milangoni, kila mmoja na simu mkononi, wakitazama nyumba ya msiba kisha wakitazama nyumba yangu. Siwalaumu. Walikuwa wananingoja mimi. Siku ile ikaisha hivyo.

Waliomzika shemeji ni madereva. Walifungua turubai la lori wakalifunga juu ya uwanja. Wanawake wa Kizambia wanaofanya biashara upande huu walikuja na sufuria zao, wakawa wanamwita dada "bamayo", yaani mama, na kumshika mikono. Wakongo waliokwama kwenye foleni walichimba kaburi. Nilivaa koti langu nikaenda wakati jeneza linatolewa. Mke wangu alikuwa amekaa chini na wafiwa, hakuniinulia macho. Dada akaniona, akasema kwa adabu kabisa, mbele ya watu:

"Karibu, kaka. Wageni wanakaa kule."

Nikaenda kukaa kule.

Uthamini ulipokwisha, ile ramani isiyokuwepo ikabandikwa kwenye ubao wa ofisi. Nilikwenda kuisoma kama watu wengine. Ukingoni mwa eneo la malori, ndani ya mstari, kulikuwa na viwanja vipya vyenye majengo na majina ya wenyewe, na wenye viwanja hivyo nilikuwa nimekunywa nao soda. Mmoja wao ndiye aliyepiga kelele kuliko wote kwamba wananchi watategesha. Kumbe kiapo kilikuwa kimewalinda waliotegesha wasionekane na wananchi. Na mimi nilikuwa mlinzi wao, bila hata kuambiwa ninalinda nini, kwa sababu sikuuliza.

Siku hiyo nilisimama pale pale ubaoni nikarekodi ujumbe wa sauti, nikautuma kwenye kundi la kuzikana. Nilieleza chumba, mapazia, kiapo, jina la kundi letu na maana ya kahawa. Nikasema ramani niliiona, nikamdanganya dada yangu. Nikasema msiba wa shemeji niliuzuia mimi. Kisha nikakabidhi uenyekiti.

Waliniita ofisini. Nilikwenda na shati safi.

"Mzee, umevunja kiapo," bwana yule akasema.

"Nimekivunja."

"Unaelewa maana yake? Wewe mtu mzima."

"Kwa sababu ni mtu mzima. Ningekuwa kijana ningekuogopa."

"Tutakuchukulia hatua."

"Chukueni. Ila safari hii mapazia yawe wazi, na waje wote wasikie."

Hawakuchukua hatua. Nadhani walihofia hadhara kuliko walivyonihofia mimi. Wazee wenzangu hadi leo wakiniona wanavuka barabara, na sasa hawaigizi. Mstari haukuhama. Nyumba zilibomolewa, malori yamejaa pale, na madereva wanapiga miswaki mahali kilipokuwa chumba kile cha lipu. Lakini kundi letu limebadilika: yeyote anatangaza msiba, na yeyote anauliza swali, hata lisilo la msiba. Wanaulizia mitaro, wanaulizia shule, wanaulizia walioapishwa. Mimi mwenyewe nina boksi langu. Limeandikwa NANI MWINGINE ALIAPA? Napigwa picha nalo mlangoni na kulituma, na nitaendelea kulituma mpaka wajibu au nife. Sina kingine cha kuogopa kunyang'anywa.

Dada alihamia Itumba, kwa ukoo wa marehemu mumewe. Nilimfuata. Nilipanda milima ile na kibasi, nikiwa na mchele na maneno niliyoyapanga njia nzima. Alinikaribisha, akanipikia, akanipa maji ya kunawa. Nilimwomba radhi, nikataja kila kitu kwa jina lake: mchanga, ramani, tangazo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia, mzee," akasema.

Hakusema kaka. Mtoto wa jirani alipouliza mgeni ni nani, alimjibu kwamba ni mtu wa Tunduma aliyekuwa jirani yao. Kisha akanisindikiza hadi kituoni, kama anavyosindikizwa mtu yeyote, na hakungoja basi liondoke. Nimepiga simu mara nyingi tangu hapo. Haipokelewi.

Wazazi wetu walikwisha kufa, na ndugu zetu wengine pia. Katika tumbo la mama yetu tulikuwa tumebaki wawili. Kwa kumtoa dada yangu kwenye lile kundi, nilimpoteza yeye. Yuko hai, ana afya, anaishi Itumba, na hana tena kaka.