Wayua na Vibuyu vya Watoto

Jumatatu, tarehe 3 Oktoba 1955. Alfajiri kulikuwa na ukungu mzito kutoka mto Theta hadi barabara ya Thika, na baridi ya kukaza vidole. Kufikia saa nne jua lilikuwa limeufukuza wote na vumbi likaanza kazi yake. Saa nne na robo Wayua wa Muthoka aliweka debe lake chini katikati ya mistari ya kahawa, akaenda ofisini bila kuitwa.

Ofisini mtu huitwa kwa kosa. Tobias, karani wa shamba, alipomwona mlangoni alidhani amekuja kukiri.

"Mama, umeiba nini?"

"Bado sijaiba. Mwite Bwana."

Meneja wa shamba hilo, lililokuwa kati ya Ruiru na Thika, aliitwa Bwana Rula. Jina lake la kwao lilikuwa refu na lilihitaji mate mengi kulitamka, kwa hiyo hakuna aliyejisumbua. Alivaa kaptura, na ndani ya soksi ya kulia alichomeka rula ya mbao ya futi moja. Alipima kina cha mbolea, urefu wa magugu, na umbali kutoka choo hadi choo. Watu walisema hata supu huipima kabla ya kuinywa.

Wayua alikuwa mtu wa shambani. Alizaliwa Kangundo, akaja Thika mwaka 1938 na mumewe kukata mkonge, kisha wakahamia kwenye kahawa kwa sababu mkahawa hauchomi mtu macho. Muthoka sasa alikuwa mlinzi wa usiku, maana yake alilala kazini usiku na nyumbani mchana. Wayua mwenyewe alichuma kahawa, na saa nyingine zote alikuwa mkunga asiye na cheti. Vijana wa laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, walipomkosea adabu aliwaambia, "Nilikudaka ukiwa umelowa na huna hata jino. Usinitishe."

Alichokuwa akikitaka siku hiyo kilikuwa kitu kimoja. Wanawake walikuja shambani na watoto mgongoni, lakini mtoto mgongoni na debe kiunoni havikai pamoja, basi watoto walilazwa mwisho wa mstari ndani ya masanduku ya mbao. Novemba ya mwaka uliotangulia siafu waliingia katika sanduku moja. Ndani walikuwamo wawili: wa Kamene, mkaza mwanawe Wayua, na wa Gathoni, aliyekuja kuchuma akitokea kijiji cha Emagenzi, yaani cha hali ya hatari ya serikali, chenye handaki na askari. Wa Kamene alivimba uso siku tatu, akapona. Wa Gathoni alizikwa siku ya pili. Sasa Kamene alikuwa na mimba ya miezi minane, kahawa ilikuwa imeiva tena, na masanduku yalikuwa yale yale. Wayua alitaka banda lenye paa, na mtu wa kukaa humo na watoto.

Bwana Rula alisikiliza akiwa amesimama.

"Mabati iko," alisema kwa Kiswahili chake. "Lakini Jumatatu ingine fundi Boaz taanza kujenga nyumba ya mbwa."

"Mbwa ni wangapi, Bwana?"

"Mbili."

"Na mabati?"

"Kumi na nne."

Wayua alimtazama Tobias. Tobias alitazama dari.

"Ni mbwa kubwa," Bwana Rula aliongeza. Kisha akafikiri kidogo, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa vipimo tu. "Mimi hapana jenga kitu kama hapana jua kubwa yake. Wewe lete hesabu ya watoto. Wale ya mgongo na wale ya kutambaa. Ijumaa, saa kumi. Hapana hesabu, nyumba ya mbwa."

Wayua alitoka na furaha iliyodumu mpaka kwenye bomba la maji. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba mtoto hahesabiwi.

Haikuwa sheria ya mtu mmoja. Wakamba hawakuhesabu watoto, Wakikuyu hawakuhesabu watoto, na waliokuwa hawapatani kwa lolote walipatana kwa hilo: ukimnyooshea mtoto kidole ukasema huyu wa nne, umemwonyesha kwa kinachowatafuta watoto. Tena wakati ule watu walikuwa wamechoka kuhesabiwa. Serikali iliwahesabu asubuhi wakitoka kijijini na jioni wakirudi, na hakuna aliyeona faida yake.

Jumanne alizunguka laini zote.

"Una wangapi wadogo?" alimuuliza wa kwanza.

"Wapo."

"Najua wapo, nilikuzalisha. Sema tu."

"Basi kama ulinizalisha, sema wewe."

Wayua akafungua mdomo, akaufunga. Hata yeye hakuweza. Mlango wa tatu alifukuzwa kwa ufagio. Gathoni, ambaye Wayua alimtegemea kuliko wote, alimsikiliza kwenye mistari ya kahawa mpaka mwisho akasema taratibu, "Wangu hakuna aliyemhesabu, na bado alikwenda. Lakini sitawaambia wenzangu wajaribu."

Jumatano alirudi kwa Tobias.

"Mambo ya kishenzi hayo," alisema Tobias, ambaye alisoma misheni na kuvaa tai hata siku za joto. "Andika hamsini, mama. Namba ni namba."

"Bwana atakuja kuhakikisha. Akikuta idadi nyingine, mabati yote ni ya mbwa." Akamsogelea. "Na wewe, mwanangu msomi, una watoto wangapi?"

"Mimi? Mimi nina..." Tobias alirekebisha tai. "Wapo. Wanatosha."

"Ala! Namba si namba?"

"Ondoka, mama, nina kazi."

Jibu lilimpata Alhamisi jioni mtoni. Kamene alikuwa ameinama kwa shida, tumbo likimtangulia, akiosha kibuyu kidogo cha uji. Mwanamke mmoja alitaka kukiazima.

"Hiki si changu, ni cha mtoto," Kamene alisema. "Hiki hakinywewi na mwingine. Kila mmoja ana chake, hujui?"

Wayua aliiachia majini nguo aliyokuwa akifua. Ilibidi mtu mwingine aikimbize.

"Mwaitu, ni nini?" Kamene aliuliza, maana alimwita mama mkwe wake hivyo, mama yangu.

"Nguo acha iende. Kesho kila mtu alete kibuyu cha mtoto wake ofisini. Kibuyu si mtoto. Na sisi hatutahesabu kitu."

"Atahesabu nani?"

"Bwana Rula. Mikosi ikimfuata, yeye ana daktari wake Nairobi."

Ijumaa, saa tisa na nusu, vibuyu vilianza kupangwa juu ya meza ya kuanikia kahawa mbele ya ofisi. Vingine vilikuwa na shanga shingoni, vingine vilishonwa kwa uzi mahali vilipopasuka, kimoja kilinuka maziwa mpaka nzi walimpita Tobias na kukiendea. Mwishoni Wayua mwenyewe aliweka vingine visivyotobolewa kabisa, vizima kama vilivyotoka shambani, mbegu zikicheza ndani.

Saa kumi kamili Bwana Rula alitoka. Alivihesabu kwa Kiingereza, akigonga kila kimoja kwa rula, huku wanawake wakitazama upande wa mto kana kwamba jambo hilo haliwahusu. Alipomaliza alivuta pumzi ili aitangaze namba. Papo hapo Wayua alipiga kigelegele, na wote wakakidaka. Bwana Rula alifungua mdomo mara tatu, na mara tatu kigelegele kikapanda. Mwishowe aliiandika kwenye kitabu akanyamaza, nao wakanyamaza.

Akachukua kibuyu kizima, akakitikisa.

"Hii hapana mdomo."

"Hata mwenyewe bado hajafungua wake, Bwana," Wayua alisema, akamwonyesha Kamene na wengine waliosimama naye, mikono viunoni.

"Hapana zaliwa! Mimi hapana jengea mtu hapana zaliwa!"

"Watazaliwa kabla kahawa haijaisha. Utabomoa banda uongeze? Na hao mama zao hawawezi debe sasa. Wakae bandani wawaangalie wengine, na siku yao itiwe alama kwenye tikiti ya kazi kama ya mchumaji. Miezi miwili."

"Miezi mbili! Kukaa tu?"

"Tobias, mwambie akakae na watoto wale kuanzia asubuhi hadi saa sita, ndipo aseme kukaa tu."

Tobias alitafsiri kitu kifupi zaidi.

Bwana Rula alishika shingo yake, akauliza kila mtoto anahitaji nafasi gani, na bila kungoja jibu akapima upana wa kibuyu. Inchi tano.

"Mtoto halali wima, Bwana," Wayua alisema. Akamfungua mtoto mmoja kutoka mgongoni mwa mama yake, akamlaza juu ya meza. "Pima."

Bwana Rula aliinama na rula yake. Inchi ishirini na mbili, alisema, na alikuwa akiangalia mstari kwa makini wakati mtoto alipokojoa. Rula ililowa, kitabu kililowa, namba aliyoiandika ikaanza kuchuruzika. Hakuna aliyecheka. Wanawake waliuma kanga zao. Tobias aliingia ofisini kutafuta kitu ambacho hakikuwapo.

Gathoni ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, kutoka nyuma. "Mwaka jana tulizika siku ya kuchuma. Kahawa ilianguka chini siku nzima. Bwana aliuliza kwa nini, na hakuna aliyemjibu. Ndiyo hiyo sababu."

Bwana Rula aliipangusa rula kwenye kaptura. Alimtazama Gathoni muda mrefu, na mara hii hakuwa akipima kitu.

"Futi thelathini na sita," alisema. "Mabati yote. Mama ya tumbo, mwezi moja."

"Miwili."

"Mwezi moja na nusu. Na ondoa toto hii juu ya meza."

Wayua hakungoja aseme la pili. Wanawake walikusanya vibuyu, kila mtu chake.

Asubuhi iliyofuata, Jumamosi, kabla kipande cha reli cha kuwaita watu kazini hakijagongwa, Wayua alibisha kwa fundi Boaz. Boaz alitoka amevaa koti safi, Biblia kwapani, akasema ni Sabato na hagusi nyundo mpaka jua lizame. Wayua akamwomba jembe tu, kwa kuwa jembe halisali. Alikwenda peke yake kwenye uwanja ulio karibu na bomba, akachimba shimo la nguzo ya kwanza, akalizungushia majivu ya jikoni dhidi ya siafu. Boaz aliketi juu ya jiwe akisoma, akavumilia mpaka shimo la tatu.

"Limekaa upande," alisema.

"Kusema si kazi?" Wayua aliuliza, akasogeza jembe kushoto na kuendelea.