Yai la Karavani Arobaini na Saba

Watu wakisikia kwamba Lorna Raithby amezaliwa Mablethorpe na nyumba yake iko hatua mia nne tu kutoka baharini, humwambia, "Una bahati wewe! Kila siku kwako likizo." Lorna huwatazama juu mpaka chini, kisha huwauliza kama wamewahi kuchomoa nywele za watu sita kwenye tundu la bafu moja. Bahati gani hiyo? Bahari anaisikia, kuiona ni jambo jingine.

Miaka ishirini na miwili amesafisha karavani pale Sandlea, uwanja wa nyumba za bati zenye magurudumu ambayo hayajazunguka tangu zilipoletwa. Kazi huanza shule zinapofungwa kwa Pasaka, maana majira ya baridi uwanja hufungwa, maji hutolewa kwenye mabomba, na mkataba wake nao hulala. Kwa hiyo mwanawe Dale, alipokuwa mdogo, hakuwahi kuwa na mama wiki ya Pasaka hata mara moja. Watoto wa Sheffield na Leicester walikuja kuchimba mchanga na mama zao; Dale, mwenye mchanga wake, alishinda kwa bibi yake Mavis akitazama televisheni. Siku moja alimwambia mwalimu kwamba mama yake ana mzio wa Pasaka. Mwalimu alicheka sana. Lorna hakucheka, wala hajacheka mpaka leo, na Dale sasa ana miaka ishirini na mitatu.

Siku ya moto ni Jumamosi. Saa nne asubuhi wageni wa zamani wanatoka, saa tisa alasiri wapya wanaingia, na hapo katikati ni vita. Karavani thelathini na mbili, wasafishaji wanane, wawili wawili, dakika thelathini na tano kwa kila moja. Katika dakika hizo kuna vitanda, choo, jiko, na mchanga. Jamani, mchanga! Unaukuta ndani ya foronya, ndani ya kibaniko cha mkate, ndani ya friji. Kuna viazi vya kukaanga vilivyolowa siki chini ya godoro. Chini ya ngazi kuna ndoo ya kaa waliokufa tangu Jumatano, kwa sababu mtoto alilia kwamba anataka kuwafuga na hakuna mzazi aliyekuwa na uti wa mgongo wa kumkatalia.

Na kibaya kuliko vyote ni wale wanaofika saa saba mchana. "Sisi tutakaa tu ndani ya gari, mama, wala usijali," wanasema. Kisha wanaegesha gari pua mlangoni, mvua inapiga kioo, na baba, mama na watoto watatu wanatafuna sandwichi za mayai wakikutazama unavyosugua choo chao.

"Wapungie mkono," Danuta humwambia.

"Nitawapungia brashi," Lorna hujibu.

Danuta ndiye mwenzake wa kazi. Alikuja kutoka Poland miaka tisa iliyopita, na Kiingereza cha matusi amejifunza chote kwa Lorna.

Kilichofanya Jumamosi zivumilike ni meza ya mabaki. Wageni wakiondoka huacha vitu: nusu chupa ya ketchup, majani ya chai, sukari, pakiti ya biskuti iliyofunguliwa. Enzi za Bi Hewson, meneja wa zamani, vyote hivyo vilipangwa juu ya meza kwenye chumba cha kufulia, na kazi ikiisha kila mtu alichukua cha kwake. Bi Hewson mwenyewe alikuwa wa kwanza, hasa ikiwepo haradali. Hakuna aliyeona aibu. Ilikuwa desturi, na desturi haiandikwi.

Halafu Bi Hewson akastaafu, na mwezi wa tatu kampuni ikamleta Ellis Tranter, kijana wa miaka ishirini na tisa aliyetoka kusimamia ghala la vifurushi. Wiki yake ya kwanza alibandika tangazo: kila kinachoachwa na mgeni ni mali ya kampuni, kitupwe kwenye pipa kubwa la taka, na atakayekutwa nacho ni mwizi. Lorna alilisoma, akavua miwani, akaifuta, akalisoma tena. Nusu chupa ya ketchup, mali ya kampuni! Jumamosi hiyo alishuhudia sukari nzima nzima, mifuko minne, ikitupwa pipani, na kanisani pale mjini watu wamejipanga kuomba chakula. Alifika nyumbani akayamwaga yote.

"Usimjibu," mama yake Mavis alimwambia. Mavis ana miaka themanini na minne, na ujana wake wote aliusugua sakafuni kwenye nyumba za wageni za ufukweni. "Sisi hatuna kitu, Lorna. Tuna jina. Jina usimpe mtu akalichezea."

Basi ikaja Jumamosi yenyewe, siku moja kabla ya Pasaka, upepo wa baharini ukikata masikio.

Karavani arobaini na saba hukodishwa kila mwaka, wiki ya kabla ya Pasaka, na familia ya Hinchliffe kutoka Rotherham. Mtoto wao Jodie alipokuwa na miaka minne alisahau sungura wake wa kitambaa, mwenye sikio moja, na sungura akazolewa na mashuka machafu, kisha na takataka. Simu ilipigwa jioni, mtoto analia nyuma yake kama kafiwa. Lorna, kazi imekwisha, mvua inanyesha, alifungua mifuko kumi na mmoja ya taka mpaka akampata. Akamfua, akamkausha, akamtuma kwa posta. Tangu mwaka huo, kila wakiondoka huacha mezani yai kubwa la chokoleti na kadi: Kwa Lorna. Mayai kumi na manne sasa. Na kila yai Lorna huliweka juu ya friji, halipasuliwi mpaka Jumapili baada ya chakula cha mchana, kwa sababu ndivyo alivyolelewa na Mavis. Hata Dale alipolia, halikupasuliwa.

Safari hii yai lilikuwepo, na kadi ilikuwepo, lakini maandishi yalikuwa marefu. Lorna aliisoma amesimama, brashi ya choo mkononi. Mwaka huu ndio wa mwisho, Jodie aliandika. Bibi hawezi tena kupanda ngazi, na mimi Septemba naanza kusomea uuguzi. Sungura bado ninaye, naenda naye.

"Mchanga huu," Lorna alimwambia Danuta, akijifuta macho kwa kiwiko, "unaingia kila mahali."

Akaitia kadi kwenye mfuko wa aproni, yai akalitia kwenye mkoba.

Saa sita kasorobo Ellis akawaita wote chumba cha kufulia. Ukaguzi wa mikoba, akasema. Ukaguzi! Karavani ishirini hazijaguswa, na yeye anataka kupekua mikoba ya wanawake. Akapekua wa kwanza, wa pili. Kwa Lorna akatoa sandwichi, soksi kavu, na yai.

"Hiki ni nini, Bi Lorna?"

"Yai. Kwenu hakuna?"

Mtu mmoja alicheka. Masikio ya Ellis yakawa mekundu.

"Limetoka wapi?"

"Arobaini na saba. Nimepewa."

"Na nani? Wageni wameshaondoka. Tangazo linasema wazi, kinachoachwa..."

"Tangazo nimelisoma mara mbili, mwanangu. Hili limeachiwa mimi."

"Una ushahidi?"

Danuta akamsogelea. "Mwonyeshe kadi, dada," akanong'ona. "Imo mfukoni. Mwonyeshe tu yaishe."

Mkono wa Lorna ulikwenda mfukoni wenyewe. Aliigusa kadi, ncha yake ikamchoma kidole. Ingekuwa rahisi. Lakini hapo ndipo hasira ilipompanda, si ya kelele, ile ya chini inayoanzia magotini. Miaka ishirini na miwili ameshika funguo za kila mlango wa uwanja huu. Ameokota pete ya ndoa kwenye tundu la sinki, akairudisha. Ameokota meno ya bandia ya watu, akayarudisha. Leo mtoto wa juzi anamwomba karatasi? Akimwonyesha kadi leo, Jumamosi ijayo atamwonyesha nini? Na maneno ya Jodie yasomwe na macho yale, hapa, mbele ya mashine za kufulia? Thubutu!

Akautoa mkono mtupu.

"Ushahidi ni mimi," akasema.

Ellis akashusha pumzi, akatoa fomu kwenye jalada lake. "Basi sina njia. Hapa naandika wizi. Ukitia sahihi ni onyo la mwisho, unaendelea na kazi. Ukikataa, rudisha funguo sasa hivi. Mimi mwenyewe sipendi, lakini utaratibu ni utaratibu."

"Umeandika nini?"

"Nimekwambia."

"Lisome neno. Kwa sauti, wenzangu wasikie."

"Bi Lorna, sijasema wewe ni mwizi, nimesema tu..."

"Umeandika! Kusema hukuthubutu, ukaandika!"

Nyuma yao mashine moja inazunguka. Mablethorpe ni mji mdogo. Neno lile likitoka mlangoni asubuhi, jioni liko kwenye duka la samaki, na kesho yake liko kitandani kwa Mavis. Hasira hasara, watu husema, na mara nyingi ni kweli. Lakini kuna hasira nyingine ukiimeza ndiyo hasara yenyewe.

Lorna alilichukua yai kutoka mkononi mwa Ellis. Akalivua karatasi yake ya kung'aa, taratibu, akaliweka juu ya ile fomu, juu ya meza ya kupigia pasi. Wenzake wakaguna, maana wote wanaijua sheria yake ya Jumapili. Akalipiga ngumi. Pah! Likavunjika vipande vipande.

"Danuta," akasema, akinyoosha mkono. "Shika."

Danuta ana watoto wawili na kodi ya nyumba. Alikitazama kile kipande, akamtazama Ellis, halafu akakitia mdomoni chote. Mchuma janga hula na wa kwao.

"Na mimi mwizi," akasema, mdomo umejaa. "Niandike. Jina langu lina herufi nyingi, usiharakishe."

"Pauline," Lorna akaita.

Pauline, mzee kuliko wote, alichagua kipande kidogo kabisa. "Sukari yangu itapanda," akamwambia Ellis, "na ikipanda nitaanguka humu humu chumbani mwako. Andika na hilo."

Wakala wote. Mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyeangalia chini, hata yule msichana mpya ambaye hakuwa amemaliza hata wiki. Ellis alisimama na kalamu yake. Dirishani, getini, gari la kwanza lilikuwa limeshafika na baiskeli nne mgongoni, saa tatu kabla ya wakati.

Kikabaki kipande kimoja juu ya fomu. Lorna akakisukuma mbele yake.

"Hiki chako."

"Mimi siwezi, Bi Lorna. Mimi ndiye meneja."

"Basi kusanya funguo nane. Ndoo zile pale. Dakika thelathini na tano kila moja, na uanzie namba sita, walilala na mbwa wawili."

Ellis akatazama ndoo. Akatazama saa ya ukutani. Akatazama gari la baiskeli, ambalo nyuma yake sasa limesimama jingine. Akakiokota kile kipande, akakitia mdomoni, akakitafuna polepole mbele ya wanawake wanane waliomkazia macho mpaka kikashuka kooni. Kisha akaikunjakunja fomu na chembe zake za chokoleti, akaitupa.

"Samahani," akasema.

"Sijasikia."

"Samahani, Bi Lorna."

"Jifute kidevu," Lorna akamwambia, akachukua ndoo yake akatoka. Hakuwa amepoa hata kidogo. Aliisugua namba sita kwa hasira mpaka sinki likalia, na ilipofika saa tisa kasoro dakika mbili karavani zote thelathini na mbili zilikuwa tayari. Watu wa baiskeli waliingia na viatu vyao vya matope bila kusema hata asante.

Tangazo halijaondolewa mpaka leo. Kuna mtu amelitundikia kalenda juu yake, na meza ya mabaki imerudi, na ikiwepo haradali hakuna anayeuliza inakwenda wapi.

Siku ya pili ya kisa kile, Jumapili ya Pasaka, Lorna aliomba apewe mchana tu, akapewa. Alimpikia Mavis nyama ya kondoo na viazi. Walipomaliza, mzee akainua macho juu ya friji, kama kila mwaka.

"Yai la Jodie liko wapi?"

"Limeliwa jana, mama."

Mavis akaweka kijiko chini. "Jana? Jumamosi? Mimi ndivyo nilivyokulea?"

"Mimi sikuonja hata chembe."

Akamweleza yote, na neno lile alimwambia pia, kwa sababu alitaka mama yake alisikie kwake na si dukani. Mavis alisikiliza bila kumkatiza, vidole vyake vilivyopinda kwa miaka ya sabuni vimetulia juu ya meza.

"Na kadi hukumwonyesha," akasema mwishowe.

"Sikumwonyesha."

"Vizuri." Mzee akavaa miwani yake, akanyoosha mkono. "Haya, nipe mimi niisome."

Lorna akaitoa mfukoni, akampa.